Edel Quinn: Mgonjwa Aliyewazuru Wagonjwa

Mtu akitoka Kawangware akaifuata barabara ya Gitanga kuelekea Lavington, hachukui muda mrefu kuifikia misheni ya St Austin's, mahali ambapo wazee wa Nairobi hupaita Msongari. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1899 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, na wakulima wanaikumbuka kwa kuwa ni miongoni mwa mahali pa kwanza nchini Kenya kupandwa kahawa. Katika makaburi ya wamisionari yaliyo hapo amelazwa mwanamke mmoja wa Ireland aitwaye Edel Quinn, aliyefariki mwaka 1944 akiwa na umri wa miaka 36.

Mwanamke huyu hakuwa sista wala daktari. Hakujenga shule, hakuacha mali, na umbo lake lilikuwa dogo na dhaifu. Juu ya hayo, jina lake linatajwa kwa heshima kubwa na Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki, na leo ningependa wasomaji, wawe Wakristo au wasiwe, waijue habari yake.

Edel alizaliwa tarehe 14 Septemba 1907 huko Kanturk, katika jimbo la Cork. Baba yake alikuwa mtumishi wa benki. Alipokuwa msichana alifanya kazi ya ukarani katika mji wa Dublin, na mwajiri wake, Mfaransa, akampenda na kumposa. Edel alimkatalia kwa upole, kwani alikwisha azimia kuingia utawa wa Masista Waklara, wale wanaoishi ndani ya nyumba zao kwa sala na kimya. Wakati huo huo alikuwa amejiunga na Lejio ya Maria, chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 na Frank Duff. Kazi ya chama hicho ni sala na kuzuru watu: wagonjwa, wafungwa, wapweke, na wale ambao dunia imewapa kisogo. Edel alipewa kuongoza kundi lililowaendea wanawake waliokuwa wakijiuza mitaani, kazi ambayo wengi waliiona haimfai msichana mdogo kama yeye.

Mwaka 1932, siku zake za kuingia utawani zilipokaribia, alipatikana na kifua kikuu. Zama zile maradhi hayo hayakuwa na dawa. Dawa ya kwanza ya kuyaua, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943, na haikumfikia. Alilala hospitalini kwa muda wa miezi 18, akatoka bila kupona. Mlango wa utawa ukawa umefungwa.

Mtu mwingine angejikunyata akangojea mauti. Edel alirudi kwenye kazi ya Lejio, na mwaka 1936 akateuliwa kuwa mjumbe wake katika Afrika ya Mashariki. Wapo viongozi waliopinga kwa sababu ya afya yake, lakini yeye alishikilia kwamba anaijua hatari na anaikubali. Alishuka Mombasa mwezi wa Novemba mwaka huo, kisha akapanda Nairobi.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa na upande wao, Wahindi wao, na Waafrika wao, na hata makanisani watu hawakuketi pamoja. Kibera ilikuwa makao ya Wanubi, askari wa zamani wa King's African Rifles na jamaa zao, Waislamu waliopewa pale mahali pa kukaa. Kawangware ilikuwa bado mashamba ya Wakikuyu. Katika mji kama huo Edel alitaka viongozi wa Lejio wa kila rangi wakae katika baraza moja. Wengi walimwambia kuwa jambo hilo halitawezekana. Aliendelea nalo bila kelele, mpaka likawezekana.

Kutoka Nairobi alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, akafika Mauritius na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Njia zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na za tope wakati wa masika. Alisafiri kwa motokaa kuukuu aina ya Ford, ambayo kwa mzaha aliiita Rolls-Royce, na dereva wake alikuwa Mwislamu. Kila alipofika alikusanya watu wachache, akawafunza namna ya kukutana kila juma, kusali, kutoka wawili wawili kwenda kuzuru, na kurudi kutoa habari ya waliyoyafanya. Kisha alishika njia tena, akiwaachia kazi wenyewe. Ndivyo yalivyozaliwa mamia ya makundi.

Mwaka 1941 mwili ulimshinda akiwa Nyasaland. Alipelekwa Afrika ya Kusini kutibiwa, akakaa huko muda mrefu kitandani. Mwanzoni mwa 1943 alirejea Nairobi akiwa amekonda mno, akaendelea na kazi kwa kadiri ya pumzi zake. Tarehe 12 Mei 1944 akafariki, akiwa katika nyumba ya masista.

Hapa lipo swali lisilofaa kuepukwa. Sisi tuliosomea chuoni huko pwani tulifunzwa kwamba mtu hana ruhusa ya kujitupa kwa mikono yake katika maangamizi. Je, mgonjwa wa kifua aliyeacha kupumzika akakimbilia safari za Afrika hakufanya hivyo hivyo? Nimelifikiri sana swali hili. Ninavyoona mimi, anayejitupa katika maangamizi ni yule anayeyatafuta mauti. Edel hakuyatafuta. Alipolazwa alikubali kulala, na miezi ile ya kitanda aliihesabu kuwa sehemu ya utumishi wake, si adhabu. Mauti yalikuwa yakimfuata kwa hali yoyote, awe Dublin au awe Nairobi. Alichochagua ni kazi ambayo yatamkuta akiifanya.

Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mtumishi Mstahifu tarehe 15 Desemba 1994. Hapo ndipo afuasi mtu asimchanganye na mwingine: Lejio aliyoihudumia Edel siyo lile kanisa la Legio Maria, lenye waumini wa kanzu za rangi, ambalo lilijitenga katika miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto. Jina limetoka chimbuko moja, ila njia ni mbili.

Kifua kikuu hakijaondoka Nairobi. Kinapenda vyumba vilivyosongamana visivyopita hewa, na vyumba hivyo Kibera na Kawangware si haba. Leo dawa ipo, hutolewa bure katika hospitali za serikali, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Lakini miezi sita ni mirefu kwa mtu aliye peke yake. Jirani anaogopa kukoholewa, mwenye nyumba anataka kodi, kazi imekatika, na mgonjwa akiona nafuu kidogo huviacha vidonge. Wengi huangamia hapo.

Wanalejio, kwa kanuni zao, hawaruhusiwi kugawa fedha wala vyakula. Wanaingia mikono mitupu, wawili wawili, na kuketi. Kuna watakaosema kwamba kuketi hakumshibishi mtu, na ni kweli. Lakini mgonjwa ajuaye kuwa Jumamosi atabishiwa hodi huwa na sababu ya kumeza dawa ya Ijumaa. Edel Quinn aliyajua haya kwa kulazwa kwake mwenyewe, naye aliyatenda mpaka alipoishiwa na pumzi.