Mohamed Amin: Mpiga picha wa Eastleigh aliyeiamsha dunia

MTAA wa Eastleigh, Nairobi, ndiko alikozaliwa Mohamed Amin mnamo Agosti 29, 1943. Alikulia Dar es Salaam, ambako baba yake alifanya kazi katika shirika la reli, na huko ndiko alikoanzisha kampuni ya Camerapix mwaka wa 1963.

Kamera ilimponza mapema. Mnamo 1966 alifungwa gerezani Zanzibar kwa takriban mwezi mmoja, kisha akarejea Nairobi.

Oktoba 1984, picha alizopiga Korem, Ethiopia, akiandamana na Michael Buerk wa BBC, ziliwafichulia walimwengu maafa ya njaa. Michango ikamiminika, na Julai 1985 likaandaliwa tamasha la Live Aid.

Juni 1991, ghala la silaha lililipuka jijini Addis Ababa. Fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Wengi wangestaafu. Yeye alivaa mkono bandia, akarudi kazini.

Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikimrejesha nyumbani kutoka Addis Ababa ilitekwa nyara. Watekaji walitaka kupelekwa Australia. Mafuta yaliisha, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walifariki, akiwemo Amin, aliyekuwa na umri wa miaka 53. Baadhi ya manusura walisimulia kwamba hadi dakika za mwisho alikuwa amesimama, akikabiliana na watekaji.