Odette Sansom: Mama wa Watoto Watatu Katika Kazi ya Ujasusi

Miongoni mwa watu waliofanya kazi ya ujasusi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Odette Sansom ni mmoja wa wale ambao majina yao yamedumu. Vitabu viliandikwa juu yake, na mwaka 1950 ilitolewa nchini Uingereza filamu yenye jina lake. Wengi wanamfahamu kama mwanamke aliyeteswa na polisi wa siri wa Wanazi bila kuwataja wenzake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba wakati huo alikuwa mama wa mabinti wadogo watatu, mke wa askari, na mtoto wa mjane wa vita. Maisha yake yanafaa kutafakariwa na familia za Kikristo, kwa sababu ushujaa wake ulizaliwa nyumbani, na sehemu kubwa ya gharama yake ililipwa na watu wa nyumbani.

Malezi yake

Odette Marie Céline Brailly alizaliwa tarehe 28 Aprili 1912 mjini Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, katika familia ya Kikatoliki. Baba yake, Gaston, aliuawa vitani mwaka 1918, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kumalizika. Odette alikuwa na umri wa miaka sita tu. Tangu hapo, kila Dominika, babu yake alimchukua yeye na kaka yake kwenda kuzuru kaburi la baba yao. Huko aliwaambia kwamba vita vingine vingekuja, na kwamba siku hiyo itakapofika watapaswa kutimiza wajibu wao kama baba yao alivyoutimiza wake. Mtoto akisikia neno hilo kila juma, haliishii masikioni. Hushuka moyoni na kukaa.

Baada ya msiba huo alipatwa na ugonjwa uliompofusha kwa muda wa miaka mitatu na nusu. Alipoanza kuona tena, ugonjwa mwingine ulivishika viungo vyake, akakaa muda mrefu asiweze kutembea vizuri. Babu yake hakukubali mjukuu wake ajizoeze kujihurumia. Binti huyo akajifunza kuishi gizani, kusubiri, na kuijaza akili yake mambo mema wakati macho hayana cha kutazama. Elimu yake aliipata kwa masista. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba miaka ile ya upofu ingekuja kumwokoa.

Mwaka 1931 aliolewa na Mwingereza aitwaye Roy Sansom, na baadaye wakahamia Uingereza. Mungu aliwajalia mabinti watatu. Vita vilipoanza, Roy aliitwa jeshini, naye Odette akabaki na watoto mashambani katika wilaya ya Somerset, mbali na mabomu yaliyokuwa yakianguka London. Mama yake mzazi alikuwa Ufaransa, chini ya utawala wa Wajerumani.

Barua iliyopotea njia

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1942, redio ilitangaza kwamba Jeshi la Majini lilihitaji picha za pwani ya Ufaransa, hata zile zilizopigwa na familia wakati wa mapumziko. Odette alikuwa na picha za namna hiyo, akaandika barua. Kwa makosa aliituma Wizara ya Vita badala ya makao ya Jeshi la Majini. Barua hiyo iliangukia mikononi mwa watu waliokuwa wakitafuta wanawake wenye kuijua Ufaransa kama wenyeji, wapate kutumwa huko kwa siri. Idara yao ilijulikana kwa kifupi kama SOE.

Alipoitwa na kuelezwa, alikataa mwanzoni. Alikuwa na watoto watatu, na mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Lakini aliporudi nyumbani hakupata amani. Alijiuliza kama ni haki kwake kukaa salama mashambani, akiwakumbatia watoto wake, huku watoto wa akina mama wengine wakichukuliwa na kuuawa. Alijiuliza pia kama ni haki kuwaachia wengine wote kazi ya kupigania uhuru ambao mabinti zake wangeufaidi. Hatimaye alikubali. Watoto aliwapeleka katika shule ya bweni ya masista huko Essex, na ndugu wakaombwa kuwapokea wakati wa likizo. Aliwaambia kwamba anakwenda kufanya kazi Uskoti. Kabla ya kuondoka aliandika barua kadhaa, ili ziwe zinatumwa kwao moja baada ya nyingine wakati yeye hayupo, wasije wakahisi jambo lolote.

Hapa yafaa kutua kidogo. Maandiko Matakatifu yanatuonesha mama wa Musa akimweka mwanawe katika kisafina kando ya mto, kwa sababu kukaa naye nyumbani kungekuwa kifo. Yanatuonesha pia Rahabu wa Yeriko, aliyewaficha wapelelezi wa Israeli, na ambaye jambo la kwanza aliloliomba kama malipo lilikuwa usalama wa baba yake, mama yake na ndugu zake. Hali ya Odette haikufanana kabisa na ya mmoja wa wanawake hao. Watoto wake hawakuwa hatarini kwa kukaa naye. Aliwaacha kwa ajili ya watoto wa watu wengine, na kwa sababu hiyo uamuzi wake ulikuwa mgumu zaidi kuueleza, hata kwake mwenyewe.

Kukamatwa

Waliomfundisha walimwona kuwa mwepesi wa kuamua na mgumu wa kukubali kwamba amekosea, lakini mwenye nia isiyotikisika. Aliumia katika mazoezi ya kuruka kwa parachuti, hivyo akapelekwa kwa bahari. Mwanzoni mwa Novemba 1942 alishuka usiku kutoka katika mashua ya wavuvi kwenye pwani ya kusini mwa Ufaransa, akitumia jina la siri la Lise. Alianza kufanya kazi ya mjumbe chini ya ofisa wa Kiingereza aitwaye Peter Churchill. Alibeba ujumbe na fedha, akatafuta nyumba za kujificha, na kuunganisha makundi ya wapiganaji wa siri. Mtumaji wa redio wao alikuwa Adolphe Rabinovitch, kijana ambaye kwa sauti ya mitambo yake angeweza kugunduliwa wakati wowote.

Mapema mwaka 1943 walihamia kijiji cha Saint-Jorioz, karibu na ziwa Annecy. Huko aliwafikia Hugo Bleicher, mpelelezi wa jeshi la Ujerumani, akijifanya ofisa aliyechoshwa na Hitler. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Aprili 1943, muda mfupi tu baada ya Peter Churchill kurudi kwa parachuti kutoka Uingereza, Bleicher alikuja hotelini na askari, akawakamata wote wawili.

Odette aliamua jambo moja papo hapo. Aliwaambia waliomkamata kwamba Peter ni mume wake, kwamba ni jamaa wa Waziri Mkuu Winston Churchill, na kwamba mtu huyo hajui kitu, yeye Odette ndiye aliyekuwa kiongozi wa kazi yote. Hakuna lililokuwa kweli katika hayo matatu. Lakini mateso yaliyokuwa yamwangukie Peter yakamgeukia yeye. Katika gereza la Fresnes na katika ofisi za Gestapo mjini Paris alihojiwa mara kumi na nne. Walimchoma mgongoni kwa chuma cha moto, wakamng'oa kucha za vidole vya miguu. Walitaka kujua alipo Rabinovitch na ofisa mwingine aliyekuwa amewasili karibuni. Hakusema. Juni 1943 alihukumiwa kifo mara mbili, mara moja kama Mfaransa na mara ya pili kama jasusi wa Uingereza. Aliwajibu kwamba itawabidi wachague hukumu mojawapo, kwa kuwa yeye anaweza kufa mara moja tu.

Mafundisho ya Kanisa hayaubariki uongo. Mtakatifu Augustino aliukataa hata ule unaosemwa kwa nia njema, na wanateolojia wamelijadili suala hilo kwa karne nyingi. Hata hivyo Katekisimu inafundisha kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Kuhusu kunyamaza kwa Odette hakuna mjadala. Aliilinda siri kwa mwili wake, kwa kuwa ndani ya siri ile yalikuwamo maisha ya watu.

Gizani

Mwezi Mei 1944 alisafirishwa kwenda Ujerumani pamoja na wanawake wengine saba wa idara ile ile. Wote saba waliuawa kabla ya mwaka ule kwisha, wanne katika kambi ya Natzweiler na watatu huko Dachau. Odette alipelekwa peke yake katika kambi ya mateso ya wanawake ya Ravensbrück. Kwa zaidi ya miezi mitatu alifungiwa katika chumba cha chini kisicho na mwanga wowote. Majeshi ya Washirika yalipotua kusini mwa Ufaransa, mwezi Agosti, alinyimwa chakula kwa siku kadhaa na joto la chumba likaongezwa, hata akakutwa amezimia.

Baadaye alieleza kwamba upofu wa utotoni ulimsaidia, kwa sababu giza halikuwa geni kwake. Alipitisha saa zake kwa kuwashonea mabinti zake nguo katika mawazo, tangu kuchagua kitambaa hadi mshono wa mwisho. Mwanamke aliyewaacha watoto wake kwa ajili ya vita aliokolewa asirukwe na akili kwa kuendelea kuwa mama yao, mahali ambapo hakuwa na uzi wala sindano.

Lile jina la Churchill nalo lilifanya kazi yake. Vita vilipofikia mwisho, mkuu wa kambi, Fritz Suhren, alimpakia katika gari akampeleka kwa Wamarekani, akidhani kwamba jamaa wa Waziri Mkuu angemwombea. Odette aliwaambia Wamarekani huyo ni nani, akakamatwa. Baadaye Odette alitoa ushahidi katika kesi ya walinzi wa Ravensbrück iliyofanyika Hamburg. Suhren mwenyewe alihukumiwa kifo kwa ajili ya waliokufa mikononi mwake. Hukumu yake ilitekelezwa na Wafaransa mwaka 1950.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1946 alitunukiwa nishani ya George Cross. Wanawake watatu wa SOE waliipata, naye peke yake ndiye aliyekuwa hai kuipokea. Alisisitiza kwamba anaipokea kwa niaba ya wote ambao hawakurudi. Katika miaka iliyofuata wapo waandishi waliotilia shaka sehemu za simulizi lake, jambo lililomuumiza, lakini nishani yake haikuondolewa.

Mwaka huo huo wa 1946 ndoa yake na Roy Sansom ilivunjwa mahakamani. Mwaka 1947 aliolewa na Peter Churchill, yule aliyemwita mume mbele ya Gestapo ili kumwokoa. Ndoa hiyo nayo ikavunjika miaka michache baadaye, na mwaka 1956 akaolewa na Geoffrey Hallowes, ambaye pia aliwahi kutumikia SOE. Alikaa naye hadi kifo chake, tarehe 13 Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 82.

Sisi wachungaji hatuwezi kulipita jambo hili kana kwamba ni dogo. Kanisa, kwa utii kwa Bwana wake, linafundisha kwamba kifungo cha ndoa halali hakifunguliwi na mwanadamu. Lakini hatuna ruhusa pia ya kumhukumu mwanamke aliyetoka Ravensbrück akiwa amekonda na miguu yake imeharibika, akiwakuta mabinti waliokuwa wamekua bila yeye. Vita viliyavunja mambo mengi ambayo amani haikuweza kuyarudisha. Odette alibaki karibu na watoto wake, nao wakabaki karibu naye.

Kuna kisa kimoja cha mwaka 1951. Mwizi aliingia katika nyumba ya mama yake Odette jijini London, akaondoka na ile nishani. Mama huyo mzee alitoa ombi hadharani kwamba irudishwe. Baada ya muda ilirudi kwa njia ya posta, pamoja na barua ya mwizi akiomba radhi. Moyo uliokuwa umefungwa ulifunguliwa na sauti ya mama.

Ndugu wapendwa, Odette hajatangazwa mtakatifu, wala si lazima tumpambe ili tujifunze kwake. Alichopewa na babu yake kando ya kaburi, na alichojifunza gizani akiwa mtoto, ndicho kilichomshikilia. Basi wazazi na wabibi na mababu wasidharau maneno madogo wanayoyasema kila Dominika. Na wale wanaotoa maisha yao kwa kazi ngumu ya kuwatumikia wengine, wawe askari, wauguzi au wafanyakazi walio mbali na watoto wao, wakumbuke kwamba nyumbani kuna watu wanaolipa pamoja nao. Wanastahili kushukuriwa, kusikilizwa, na inapobidi, kuombwa msamaha.

Tuziombee familia ambazo wajibu umezitenganisha, na tuwaombee marehemu wote waliokufa wakizilinda siri za wenzao. Roho zao zipumzike kwa amani.