Ibn al-Nafis: Tabibu Aliyekataa Tundu Lisiloonekana

Katika ukurasa huu wa kuwajua waliotutangulia, leo tunakuletea tabibu ambaye jina lake pengine umelisikia mara moja tu darasani, ama hujalisikia kabisa. Lakini kabla hatujafunga safari ya kwenda Damascus na Cairo, hebu tuanzie hapa kwetu.

Siku ukienda bucha, iwe ni sokoni Chepkube pale Bungoma au mtaani kwenu Kitale, nunua moyo wa ng'ombe na kipande cha pafu. Upasue ule moyo. Utaona vyumba viwili vikubwa, kimoja cha kulia na kingine cha kushoto, na baina yao ukuta mnene wa nyama. Pitisha kidole, bonyeza, tafuta tundu. Hulipati, kwa sababu halipo. Sasa shika lile pafu. Ni jepesi, linabonyea kama sponji, na juu yake kuna utando mwembamba unaoteleza na kung'aa.

Swali ni hili: damu iliyo chumba cha kulia hufikaje chumba cha kushoto? Usiseme ni swali rahisi. Kwa zaidi ya miaka elfu moja wasomi wakubwa wa dunia walilijibu vibaya. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyezaliwa mwaka 129, alifundisha kwamba damu hupenya katika vitundu vidogo visivyoonekana vilivyomo ndani ya ukuta ule mnene. Ibn Sina naye, ambaye alifariki mwaka 1037, akaifuata njia hiyo katika kitabu chake mashuhuri, al-Qanun. Na nani angethubutu kumpinga Galen na Ibn Sina kwa pamoja? Aliyethubutu ni huyu tunayemzungumzia leo.

Jina lake kamili ni Alauddin Ali bin Abil-Hazm al-Qurashi, lakini dunia inamjua kama Ibn al-Nafis. Alizaliwa kati ya mwaka 1210 na 1213 huko Sham, akasomea udaktari mjini Damascus katika hospitali ya al-Nuri. Mwalimu wake alikuwa al-Dakhwar, tabibu aliyesifika sana zama zile. Usidhani hospitali ya wakati huo ilikuwa kibanda cha mitishamba tu. Wagonjwa walilazwa, wanafunzi walimfuata mwalimu kutoka kitanda hadi kitanda, na maradhi yalijadiliwa mbele ya wote.

Akiwa bado kijana alihamia Cairo, na huko ndiko alikoishi mpaka mwisho wa uhai wake. Kijana huyu hakuwa tabibu peke yake. Alisoma sarufi, mantiki na Hadithi, na alikuwa mwanachuoni wa fiqhi katika madhehebu ya Shafi, madhehebu yale yale yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki. Alikuwa akifundisha sheria katika madrasa ya Masruriyya. Kwa hivyo wewe kijana unayeambiwa uchague moja, ama sayansi ama dini, mwambie anayekuambia hivyo aende akasome maisha ya mtu huyu.

Tena kumbuka, hazikuwa nyakati za raha. Mwaka 1258 Wamongolia waliiteka Baghdad na kuibomoa. Mwaka 1260 walishindwa vitani Ain Jalut na jeshi kutoka Misri. Dunia yote ya Kiislamu ilikuwa ikitikisika, na katikati ya misukosuko hiyo kuna mtu amekaa Cairo anaandika.

Na kuandika kwenyewe kulikuwaje! Inasimuliwa kwamba aliwekewa kalamu nyingi zilizokwisha chongwa ili asipoteze wakati, kwani fikra zilimjia kama mafuriko. Inasimuliwa pia kwamba siku moja alikuwa hamamu akioga. Kati ya kuoga akatoka, akaagiza wino na karatasi, akaandika risala nzima juu ya mapigo ya mshipa, kisha akarudi kumalizia kuoga. Alipanga kuandika kitabu kikubwa cha tiba, al-Shamil, kitakachofika juzuu 300. Alikamilisha juzuu 80 tu. Tunasema tu, lakini ni nani kati yetu amemaliza hata daftari moja?

Sasa turudi kwenye ule moyo wa bucha. Mwaka 1242, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alimaliza kitabu cha kuieleza sehemu ya al-Qanun inayohusu maumbile ya viungo vya mwili. Alipofika mahali pa moyo akasimama. Akaeleza kwamba ukuta wa katikati ni mnene na umeshikamana. Hauna tundu la kuonekana, kama walivyodhani baadhi ya watu, wala halina nafasi tundu lisiloonekana, kama alivyodhani Galen. Kama damu haipiti hapo, basi lazima iwe na njia nyingine.

Njia gani? Ndugu msomaji, hapa ndipo penye utamu. Ibn al-Nafis alieleza kwamba damu hutoka chumba cha kulia kwa mshipa unaoelekea mapafuni. Huko hutawanyika, ikachanganyika na hewa, kisha ikarudi kwa mshipa mwingine hadi chumba cha kushoto. Akaitazama pia mishipa yenyewe. Mmoja una ukuta mnene wa tabaka mbili, akasema ni ili kinachopenya kiwe kile kilicho chembamba na safi. Mwingine una ukuta mwembamba, akasema ni ili upokee kwa urahisi. Na baina ya mishipa hiyo miwili, akaeleza, kuna njia ndogo za kupitia. Yaani watu walikuwa wakitafuta mlango kwenye ukuta mnene, naye akawaonyesha kwamba mlango uko kwenye kitu chembamba.

Pengine utauliza, kitu chembamba hivyo kina kazi gani ya maana? Angalia tu hapa nyumbani. Menya kitunguu, utakuta baina ya tabaka na tabaka kuna ngozi nyororo inayopitisha mwanga. Ngozi hiyo ina unene wa seli moja tu, nayo hulinda tabaka zima lisikauke. Jani la sukuma wiki lina ngozi ya namna hiyo, yenye vinyweleo ambavyo mmea hupitishia hewa. Chemsha yai ulimenye, utauona utando mweupe chini ya ganda. Kifaranga aliye ndani ya yai hupata hewa kupitia vinyweleo vya ganda na tando zilizo chini yake, bila ya kuvuta pumzi hata moja. Mvua ikinyesha, kumbikumbi hutoka kwa mbawa nyembamba kuliko karatasi, zikawabeba mpaka zikaanguka zenyewe. Na ukipanda Mlima Elgon mpaka pango la Kitum, utakuta popo wanaoruka kwa ngozi nyembamba iliyotandazwa baina ya vidole virefu. Hata wewe unapomsikia muadhini, sauti yake imegonga kwanza kiwambo cha sikio, ambacho unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita.

Lakini chembamba kupita vyote hivyo ni kile alichokikaribia Ibn al-Nafis kwa akili, bila ya kukiona kwa macho. Leo tunajua kwamba ndani ya mapafu yako kuna vifuko vidogo vya hewa, mamia ya mamilioni. Kila kifuko kimezungukwa na vimishipa vya damu vyembamba mno. Utando uliotenganisha hewa na damu una unene usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya gazeti hili unaloshika ni nene kuliko utando huo mara mia moja hivi. Ungeweza kuvikunjua vifuko vyote ukavitandaza chini, vingefunika kama mita 70 za mraba, yaani nyumba nzima ya familia. Vyote vimekunjwa ndani ya kifua chako. Oksijeni inapenya upande huu, hewa chafu inapenya upande ule, na wewe umelala usingizi hujui lolote.

Tuwe wakweli, Ibn al-Nafis hakupata kila kitu. Aliamini, kama wenzake wa zama zile, kwamba hewa na damu hukutana ili kutengeneza roho ya uhai katika chumba cha kushoto. Hakujua oksijeni wala hakuwa na hadubini. Tena aliandika mwenyewe kwamba sheria pamoja na huruma yake vilimzuia kupasua miili, kwa hivyo kwa mengi alitegemea maelezo ya waliomtangulia, hata huyo Galen. Wanahistoria wangali wanabishana kama kweli hakuwahi kupasua. La muhimu ni kwamba pale ushahidi ulipopingana na jina kubwa, alishika ushahidi. Na hakumtukana mtu. Alimheshimu Ibn Sina, akakieleza kitabu chake sehemu baada ya sehemu, na mahali penye kosa akasema hapa si hivyo. Hiyo ndiyo adabu ya elimu.

Cheo kilikuja. Akawa mkuu wa matabibu wa Misri. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alikamilisha hospitali kubwa ya al-Mansuri mjini Cairo, na jina la Ibn al-Nafis likafungamana nayo. Mwaka 1288, akiwa mzee, aliugua ugonjwa wa mwisho. Matabibu wenzake walimshauri anywe pombe kidogo kama dawa. Alikataa. Hakutaka kukutana na Mola wake hali ya kuwa na kitu hicho mwilini. Alifariki mwezi wa Desemba mwaka huo, na nyumba yake pamoja na vitabu vyake vyote akaviacha wakfu kwa hospitali ya al-Mansuri, ili wagonjwa na wanafunzi wanufaike.

Hebu sasa sikia jambo la kusikitisha. Ule ukurasa wake juu ya moyo na mapafu ulisahauliwa na dunia. Huko Ulaya, Servetus aliandika jambo kama hilo mwaka 1553, Colombo mwaka 1559, na Mwingereza Harvey akaeleza mzunguko mzima wa damu mwaka 1628. Mwaka 1661 Malpighi, kule Italia, aliweka pafu la chura chini ya hadubini. Akaviona vile vimishipa vyembamba vinavyounganisha mshipa na mshipa. Zile njia ndogo ambazo Ibn al-Nafis alisema lazima ziwepo, sasa zilionekana kwa jicho. Lakini jina lake halikutajwa.

Ilibidi tungoje hadi mwaka 1924. Daktari kijana kutoka Misri, Muhyiddin al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alikuta nakala ya kitabu kile katika maktaba ya Berlin. Alipoisoma akaelewa alichoshika mkononi. Kutoka 1242 hadi 1924 ni miaka 682. Ukweli ulikuwa umelala rafuni muda wote huo, kwa lugha ambayo mamilioni ya Waislamu walikuwa wakiisoma kila siku. Hata maneno yetu wenyewe ya tabibu, tiba, damu na hewa yametoka katika lugha hiyo hiyo. Tatizo halikuwa kukosa kitabu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekifungua.

Basi ndugu msomaji, tuchukue nini kwa tabibu huyu?

La kwanza ni la mwili. Utando ule mwembamba hauna ngao. Moshi wa sigara na wa shisha unafika pale pale. Tumbaku imelimwa Malakisi kwa miaka mingi na imewalipia watu karo, hatukatai, lakini pafu halijui karo. Na moshi wa kuni jikoni nao si mdogo. Mama anayepika futari na daku katika jiko lisilo na dirisha anavuta moshi huo mwezi mzima, na mtoto aliye mgongoni anavuta naye. Kijana, toboa dirisha, pandisha bomba la moshi, kausha kuni vizuri kabla ya mama kuwasha. Na mtu akikohoa wiki mbili asinunue dawa ya kikohozi dukani tu, aende hospitalini akapimwe kifua kikuu, ugonjwa ambao unatibika.

La pili ni la akili. Ukiambiwa jambo, hata na mtu mkubwa, una haki ya kuuliza kwa adabu: hilo tundu liko wapi? Uliza mwalimu wako, uliza daktari wako, uliza ustadhi wako. Ukipata jibu liandike. Maktaba iko, shule iko, na jioni baada ya tarawehe bado kuna saa moja ya kufungua kitabu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Nafis, na atupe sisi pumzi nzuri na elimu yenye manufaa. Ramadhan Karim.