Maisha ya V. O. Chidambaram Pillai, Aliyeshindana na Merikebu za Wageni

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika, wasomaji watakuta hesabu za mazao, picha za maghala na majina ya viongozi waliotutangulia. Pamoja na hayo tumeona vema kuweka maisha ya mtu mmoja wa Bara Hindi, ambaye wengi miongoni mwetu hawakupata kusikia habari zake shuleni, ingawa katika nchi ya Watamil ni shida kumpata mtoto asiyelijua jina lake. Mtu huyo ni V. O. Chidambaram Pillai. Hakuwa mkulima, wala hakuwa mwana ushirika kwa maana tuijuayo sisi, alikuwa wakili. Lakini alijaribu jambo ambalo kila mwanachama wetu hujaribiwa nalo kila msimu, yaani kuwafanya watu wa nchi wanunue kwao na wauze kwao, hata pale mgeni anapowaita kwa bei iliyo tamu zaidi.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1872 katika kijiji cha Ottapidaram, kusini kabisa mwa Bara Hindi, si mbali na bandari ya Tuticorin. Baba yake alikuwa wakili, na mwana naye akaifuata kazi ile ile. Alianza kusimamia kesi kijijini kwao, kisha yapata mwaka 1900 akahamia Tuticorin, akasifika kwa kuwasimamia watu maskini mbele ya mahakimu.

Tuticorin ulikuwa mji wa pamba na chumvi na lulu. Ng'ambo ya mlango wa bahari kipo kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka, na kila siku watu na mizigo walikuwa wakivuka kwenda bandari ya Colombo. Wafanya biashara walipeleka bidhaa zao, na vibarua walikwenda kutafuta riziki katika mashamba ya chai. Wote hao walipanda meli za kampuni moja ya Waingereza, British India Steam Navigation, kwa kuwa hapakuwa na nyingine ya kushindana nayo. Jina hilo si geni kwa wazee wa pwani yetu. Meli za kampuni hiyo zilianza safari za Zanzibar katika mwaka 1872, mwaka ule ule aliozaliwa Chidambaram, na mwanzilishi wake, William Mackinnon, ndiye aliyeongoza kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kushika sehemu za Kenya na Uganda kabla ya Serikali ya Uingereza yenyewe kuzichukua. Bahari yetu na bahari yao zilikuwa na bwana mmoja.

Katika mwaka 1905 mtawala wa Bara Hindi, Lord Curzon, aliigawa nchi ya Bengal katika sehemu mbili. Watu wa Bengal walighadhibika sana, na katika ghadhabu yao wakaweka azimio la kutonunua vitu vya Uingereza. Azimio hilo likaitwa swadeshi, maana yake kitu cha nchi yako mwenyewe. Nguo za Manchester zilirundikwa njiani zikatiwa moto. Ikumbukwe kwamba pamba ya Bara Hindi ilikuwa ikisafirishwa mbichi mpaka Uingereza, ikafumwa huko, kisha ikarudishwa kuuzwa kwa watu wale wale walioilima. Mkulima wa pamba hahitaji kuelezwa zaidi.

Habari za Bengal zilifika kusini, na Chidambaram akazipokea kwa moyo wake wote. Alisaidia kuanzisha nyumba ya kufuma nguo na ghala ya bidhaa za nchi. Hapo ndipo tunapoona akili yake ilivyopita za wengi waliokuwa wakipiga kelele wakati ule. Kuchoma nguo ya mgeni ni kazi ya jioni moja, na kesho yake mtu hana budi kuvaa. Naye aliona ya kuwa hata nguo ikifumwa nyumbani, ikiwa inasafirishwa katika chombo cha mgeni, basi nauli inakwenda kwa mgeni, na siku mgeni akitaka kuipandisha nauli hiyo au kuukataa mzigo, nguo itaoza ghalani. Kwa hiyo aliazimia kupata meli.

Tarehe 16 Oktoba 1906, mwaka mmoja kamili tangu Bengal ilipogawanywa, kampuni yake iliandikishwa kwa jina la Swadeshi Steam Navigation Company. Mtaji wake ulikusudiwa kuwa rupia 1,000,000, nao uligawanywa katika hisa 40,000 za rupia 25 kila moja. Mwenyekiti alikuwa Pandi Thurai Thevar, mtu wa ukoo mkubwa na mlezi wa elimu ya Kitamil. Mfanya biashara mmoja Mwislamu, Haji Mohammed Bakir Sait, alitoa rupia 200,000 kwa hisa 8,000. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, Wahindu na Waislamu waliweka fedha zao katika sanduku moja. Pili, na viongozi wetu watalifahamu hili upesi, sehemu ya tano ya mtaji wote uliotarajiwa ilitoka katika mkono wa mtu mmoja. Rupia 25 hazikuwa fedha ndogo kwa kibarua wa wakati ule. Watu wengi waliipenda kampuni kuliko walioweza kuwa na hisa ndani yake.

Mwanzoni kampuni haikuwa na chombo chake, ikakodi meli kwa wenyewe wa Bombay. Kampuni ya Waingereza ikamwandama mwenye meli hizo mpaka akazirudisha kwake. Chidambaram akakodi nyingine kutoka Ceylon ili safari zisikatike, kisha akafunga safari kwenda Bombay na Calcutta kuuza hisa. Alipoondoka alikula kiapo kwamba atarudi na meli, na kama hakuzipata atajitupa baharini. Katika mwaka 1907 alirudi nazo. Zilikuwa mbili, Gallia na Lawoe. Inasemekana kwamba Gallia peke yake iliweza kuchukua abiria zaidi ya 1,300 na magunia 40,000 ya mizigo. Watu wa Tuticorin walizilaki kwa furaha kubwa, na tangu siku hizo Watamil wakampa Chidambaram jina la Mtamil aliyeendesha merikebu.

Sasa twaja katika jambo lililotufanya tuyachague maisha haya. Waingereza hawakuzizuia meli zile kwa mizinga. Walishusha nauli. Walifanya safari ya Colombo kuwa rupia moja tu. Rupia hiyo wazee wetu waliitumia hapa Afrika ya Mashariki mpaka miaka ya 1920, nayo ilikuwa na ana 16. Chidambaram akajibu kwa kutoza ana 8. Wenzao walipoona hivyo wakatangaza kwamba abiria wao watasafiri bure, na kila mmoja atapewa mwavuli wa zawadi.

Hebu tulipime jambo hili kwa utulivu. Kampuni yenye meli zaidi ya 100 katika bahari za dunia inaweza kuchukua watu bure kati ya Tuticorin na Colombo kwa muda mrefu, kwa kuwa hasara ya mahali pamoja itafidiwa na faida ya pengine. Kampuni yenye meli mbili na njia moja haiwezi. Mwavuli ule haukuwa sadaka. Ulikuwa ni gharama ya kumfukuza mwenzake sokoni, na siku mwenzake akiisha kuondoka, abiria mwenyewe ndiye angeulipia kwa nauli mpya. Na ajabu ni kwamba abiria wengi waliikataa mialiko hiyo, wakalipa ana 8 zao wakapanda meli ya nchi. Kibarua anayehesabu kila ana, akiacha safari ya bure na mwavuli juu yake, ametoa zaidi ya yule aliyenunua hisa elfu. Hatuoni kama historia imewashukuru watu wale kama ilivyopasa.

Wanachama wetu wanaijua miavuli hiyo. Huja wakati wa mavuno, kwa namna ya mlanguzi anayesimama nje ya kijiji na mizani yake, akiongeza shilingi kidogo juu ya malipo ya kwanza ya Chama na kulipa fedha taslimu papo hapo. Mwaka ambao Chama hakipo, mlanguzi yule haongezi kitu. Lakini haki itendeke pande zote: mwanachama aliyengoja malipo yake ya pili kwa miezi mingi hawezi kulaumiwa kwa maneno ya uzalendo peke yake. Chidambaram hakuwaomba watu wapande chombo kibovu kwa kuwa ni chao. Aliwapa meli nzuri, kwa nauli wanayoiweza.

Mwaka 1908 ulianza kwa shari. Mjini Tuticorin kulikuwa na kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba kiitwacho Coral Mills, mali ya nyumba ya Harvey, na nyumba hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa wakala wa meli za Waingereza. Wafanya kazi wake walikuwa wakitumikishwa kwa saa nyingi na ujira mdogo. Mwishoni mwa Februari waligoma, na Chidambaram pamoja na rafiki yake Subramania Siva wakawa pamoja nao. Baada ya siku kama tisa mgomo ulishinda: ujira uliongezwa, saa zikapunguzwa, Jumapili ikawa siku ya mapumziko. Watawala waliona kwamba mtu aliyegusa meli sasa amegusa na kiwanda. Tarehe 12 Machi wakamkamata. Siku ya pili yake ghasia zilizuka katika mji wa Tirunelveli, polisi wakapiga risasi, watu wanne wakafa.

Tarehe 7 Julai 1908 Jaji Pinhey alimhukumu kwa uchochezi vifungo viwili vya maisha, ambavyo kwa hesabu ya sheria zao vilikuwa miaka 40. Hukumu hiyo iliwashtua hata baadhi ya Waingereza wenyewe, na katika rufani ilipunguzwa sana. Hata hivyo alikaa gerezani miaka zaidi ya minne, kwanza Coimbatore na halafu Cannanore. Katika gereza la Coimbatore wakili huyu alifungwa kwenye kinu cha kushindikia mafuta, akakizungusha juani mahali pa ng'ombe. Watu wa pwani waliopata kumwona ngamia akizunguka kinu cha ufuta, macho yamefungwa, wataelewa kazi hiyo ilikuwa ya namna gani.

Yeye alipokuwa akizungusha kinu, kampuni ilikuwa ikifa. Wenye hisa waliingiwa na hofu kwamba Serikali itawatazama kwa jicho baya, hasara ya vita vya nauli ikawalemea, na hapakuwa na mtu wa kushika mahali pake. Mwaka 1911 ilifilisiwa na meli zikauzwa. Alipofunguliwa mwezi Desemba 1912 hakuwa na kampuni, hakuwa na ruhusa ya kufanya uwakili, wala hakuruhusiwa kurudi kukaa wilaya ya kwao. Wale maelfu waliozilaki meli hawakuwapo mlangoni mwa gereza.

Alikaa Madras kwa dhiki kubwa, akifungua duka la vyakula na baadaye la mafuta ya taa, na biashara hizo hazikumfaa. Wahindi wa Afrika ya Kusini walikuwa wamechanga fedha za kumsaidia, zikapitia mikononi mwa Gandhi, aliyerudi Bara Hindi mwaka 1915. Ziliposahaulika kidogo, Chidambaram alilazimika kuandika barua zaidi ya moja kuziulizia. Hatimaye katika mwaka 1916 alipokea rupia 347 na ana 12. Aliyekuwa akiuza hisa za rupia milioni alizihitaji fedha hizo kwa chakula cha nyumbani. Baadaye jaji mmoja Mwingereza, Wallace, alimrudishia haki ya uwakili, na kwa shukrani Chidambaram akamwita mwanawe mdogo Walleswaran. Tunalitaja hili ili isidhaniwe kwamba aliwachukia Waingereza kwa kuwa ni Waingereza; ugomvi wake ulikuwa na nauli, na mamlaka iliyosimama nyuma ya nauli. Miaka ya mwisho aliitumia kwa uwakili na kwa maandishi ya Kitamil, akifasiri vitabu na kuandika maisha yake mwenyewe kwa mashairi. Alifariki dunia mjini Tuticorin tarehe 18 Novemba 1936, katika ofisi ya chama cha Congress, kama alivyotaka mwenyewe, akiacha madeni.

Wako wanaosema kwamba alikosea kuchanganya biashara na siasa, na kwamba kama angaliendesha meli zake kimya zingalidumu. Sisi hatukubali. Nauli ilikwisha kufika bure kabla hajakamatwa, na kimya kisingaliipandisha. Kosa tunaloliona sisi ni jingine. Kampuni nzima iliegemea bega moja, na haikuwa na akiba ya kungojea. Hisa zilikuwa na wenyewe, bali kazi haikuwa na warithi. Halmashauri yoyote inayosoma habari hizi na itazame orodha ya watu wake, ijiulize ni wangapi wanaoweza kushika mahesabu ya chama kesho asubuhi pasipo katibu.

Bara Hindi ilipata uhuru mwaka 1947. Katika mwaka 1949 safari za meli ya wenyeji kati ya Tuticorin na Colombo zilifunguliwa tena na Gavana Mkuu, C. Rajagopalachari, na meli hiyo ilipewa jina la V. O. Chidambaram. Mwaka 1972, alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, Serikali ilitoa stempu yenye sura yake. Kinu alichokizungusha kimehifadhiwa Guindy, katika mji wa Madras ambao sasa huitwa Chennai, na tangu mwaka 2011 bandari yenyewe ya Tuticorin inaitwa kwa jina lake.