BIBI SALME, BINTI WA SULTANI

Wakati wa likizo nyumbani Bunda nilitazama katika televisheni mchezo wa wafalme wa Uingereza wa ukoo wa Tudor, ambamo ndugu walitegana kwa ajili ya kiti cha enzi. Niliporudi shuleni hapa Musoma nikakumbuka kuwa nchi yetu nayo ina habari ya namna hiyo, tena ya kweli. Ni habari ya Bibi Salme wa Unguja.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Seyyid Said, Sultani wa Oman na Unguja. Zamani zile binti wa jumbani alifundishwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili aya juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Majid akatawala Unguja, na Thuwaini akatawala Oman. Ndugu yao mdogo, Barghash, hakuridhika. Mwaka 1859 alifanya njama ya kumpindua Majid. Dada yao Khole alimvuta Salme, ambaye mwaka ule ule alikuwa amefiwa na mama yake. Kwa kuwa alijua kuandika, Salme alifanywa karani wa njama, naye ana miaka kumi na mitano tu. Hali Majid alikuwa amemtendea wema siku zote!

Mambo yakafichuka, na askari wakaizingira nyumba ya Barghash. Usiku mmoja Khole na Salme waliingia humo, wakamvisha nguo za kike, wakapita naye mbele ya askari wasimtambue. Alikimbilia shamba la Marseilles. Vita vikapiganwa huko, watu wengi wakafa. Majid alishinda kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akahamishiwa Bombay.

Majid hakumwadhibu Salme, na baadaye wakapatana. Lakini kwa mapatano hayo Khole na Barghash wakamchukia.

Mwaka 1866 Salme alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, kwa kuwa alimpenda mfanyi biashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Alibatizwa, akaitwa Emily, wakaoana, wakakaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikanyagwa na tramu ya farasi, akafa, akimwacha na watoto watatu wadogo. Mwaka huo huo Majid alifariki, na Barghash akatawala.

Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja kudai urithi wake. Barghash, yule aliyemvisha nguo za kike kumwokoa, alikataa hata kumwona. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Ndugu zangu wa Kidato cha Nne, karibu tutarudi makwetu, Bunda, Butiama na kwingineko. Baba mwenye nyumba akifa, watoto hugombea mashamba na ng'ombe, na mwenye elimu huitwa aandike barua. Basi kabla hatujashika kalamu, tuulize kwanza barua ile itamwumiza nani. Salme aliuliza baada ya watu kufa.

Mwanafunzi, Kidato cha IV