George Gipp, mutoto wa muji wa shaba mwenye hakuwa mu liste

Kila mwaka kule Marekani kuna watu wenye kazi yao ni kupima vijana wa lise wanaocheza mupira ya kwao, ile ya kubeba na mikono. Wanawapatia nyota, mupaka tano, kisha wanapanga univerisite gani imekamata vijana wazuri kupita zingine. Tuseme kweli: mara nyingi kombe inaenda kwa zile za juu mu liste. Lakini liste inaona kila mutu? Tutazame maisha ya George Gipp.

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1895 mu Laurium, jimbo la Michigan, karibu na Calumet. Sisi watu wa Katanga tungejisikia nyumbani kule: ilikuwa inchi ya shaba, na kampuni ya migodi njo ilikuwa mukubwa wa kila kitu. Gipp hakucheza mu ekipe ya lise. Aliendesha taksi, akacheza biliari kwa makuta.

Mu 1916, na miaka 21, akaingia univerisite ya Notre Dame juu ya besiboli. Siku moja Knute Rockne, antrenere musaidizi, akamukuta anapiga mupira peke yake, na viatu vya kutembea tu. Akamuita mu ekipe. Mwaka ule ule, mu mechi ya wanafunzi wapya, walimuambia apige mupira mbali, waondoe hatari. Kumbe yeye alilenga goli, yadi 62, karibu metre 57. Ikaingia.

Rockne akawa antrenere mukubwa mu 1918. Mu 1919 na 1920, Gipp akiwa ndani, Notre Dame ilicheza mechi 18, ikashinda zote. Mu ekipe ile kulikuwa pia Hunk Anderson, mutoto wa Calumet. Rekodi ya Gipp ya kukimbia na mupira, yadi 2341, ilivunjwa mu 1978 tu.

Hakuwa malaika. Alikosa masomo, alicheza kamari. Mu 1920 univerisite ilimufukuza, kisha ikamurudisha. Mwisho wa mwaka ule koo ikamushika, ugonjwa ukafika ku mapafu. Antibiotiki hazikuwa bado. Akafa tarehe 14 Desemba 1920, na miaka 25, wakamuzika kwao.

Mu 1928 Rockne aliwakumbusha wachezaji wake jina la Gipp mu mechi na ekipe ya chuo cha jeshi. Wakashinda 12 kwa 6. Mu 1940 Ronald Reagan, mwenye alikuya kuwa prezida, alimucheza mu filme.

Kwa hiyo tunajibu hivi: liste inasaidia, sababu vijana wengi wazuri pamoja wanashinda. Lakini inaandika tu wale wenye walishaonekana. Kwa Gipp, ilihitaji mutu apite ku kiwanja, asimame, atazame.