Ali bin al-Hasan

Ali bin al-Hasan (pia: Ali bin al-Husain) alikuwa sultani wa Kilwa anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa nasaba ya Washirazi katika pwani ya Tanzania ya leo.

Asili

Habari zake zimo katika tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na katika kitabu cha Mreno João de Barros (1552). Zote zinamtaja kuwa mtu wa Shiraz, Uajemi. Barros anaeleza kwamba mama yake alikuwa mtumwa Mhabeshi, hivyo ndugu zake walimdharau. Inasimuliwa kwamba alinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo, na mwanawe alitawala Mafia.

Sarafu

Jina lake limo kwenye sarafu za shaba zilizopatikana Kilwa na Mafia. Mwanaakiolojia Neville Chittick alikadiria kwamba alitawala mnamo mwaka 1200. Mwaka 1984 sarafu za fedha zenye jina hilo zilipatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, pamoja na dinari za Wafatimi. Kwa hiyo wataalamu wengi humweka katika karne ya 11.

Urithi

Mapokeo ya Mafia huwataja wakuu wa Kua, mji uliobaki magofu katika kisiwa cha Juani, kuwa Washirazi pia. Kwa muda mrefu wanahistoria walidhani nasaba hizo zilibuniwa ili kujipatia heshima. Utafiti wa DNA uliotolewa mwaka 2023 ulichunguza makaburi ya pwani, yakiwemo ya Kilwa, ukaonyesha kwamba wengi wa waliozikwa walikuwa na mababu Waajemi upande wa baba na Waafrika upande wa mama.